London, Berlin au Nairobi: wapi ulipie warsha yako ya kwanza ya grafiti

Nimeshakaa kwenye warsha tatu za grafiti, yaani kuandika na kuchora ukutani kwa rangi ya kupuliza, kwa wanaoanza, katika miji mitatu. London nilimpeleka mpwa wangu wa miaka 15 tulipokwenda kumwona dada yangu, na mwalimu aliponiona nimesimama tu pembeni akanipa kopo la rangi na mimi. Berlin nilikwenda kwa kusudi mwaka uliofuata, kwa sababu London iliniachia kiu. Nairobi ilikuja mwisho, nilipokuwa huko kwa kazi, na ndiyo iliyonifanya nizitazame upya zile mbili za kwanza.

Tangu hapo ndugu na marafiki wanaopanga safari huniuliza swali lile lile: nina siku chache na pesa za warsha moja, niende ipi? Jibu langu la haraka ni hili. Kama una alasiri moja tu na mvua haitabiriki, London. Kama una siku tatu au zaidi na unataka mkono wako ujifunze kweli, Berlin. Kama unataka kumwelewa mwalimu hadi neno la mwisho, na kuondoka na namba ya mtu utakayempigia mwezi ujao, Nairobi. Lakini jibu la haraka halitoshi kumtoa mtu pesa mfukoni, kwa hiyo nitaeleza.

Unachouziwa na unachopata

Warsha nyingi za Ulaya huuzwa pamoja na matembezi. Mnakutana mahali, mnazungushwa mitaani kuonyeshwa kuta maarufu, kisha mnaingizwa kwenye ua au ghala la zamani kupuliza rangi. London matembezi hayo mara nyingi ni ya Shoreditch na Brick Lane. Berlin ni Kreuzberg au Friedrichshain. Yana faida yake, maana jicho hujifunza kabla ya mkono. Ila ukilipia saa tatu, matembezi yakala saa moja na nusu, na maelezo ya usalama na kugawa aproni yakala nusu saa, hesabu mwenyewe kilichobaki.

Yetu ya London ilitangazwa kuwa ya saa tatu. Nilitazama saa yangu: tulipuliza kwa dakika 50, watu 14, mwalimu mmoja, makopo tukipokezana. Mpwa wangu alipopata rangi ya samawati aliyoisubiri, zamu ilikuwa inaisha. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwandikia mwenye warsha kabla hujalipa ni hili: nitashika kopo kwa dakika ngapi, na kila mtu ana makopo yake?

Swali la pili ni utapuliza juu ya nini. Wengine hukupa kanvasi au kipande cha mbao ili uondoke na kitu mkononi. Wazazi hulipenda hilo. Mimi silipendi. Kanvasi ya sentimita 40 unaichora kwa kiwiko na kifundo cha mkono, wakati grafiti huchorwa kwa bega, kwa kiuno, hata kwa magoti. Mtu aliyejifunza kwenye kanvasi akisimama mbele ya ukuta wa mita tatu anaanza upya kabisa. Halafu kanvasi yenyewe haiingii kwenye sanduku.

Swali la tatu ni kama mtafundishwa herufi au stensili. Stensili ni karatasi ngumu au plastiki iliyokatwa umbo. Unaiweka, unapuliza, unaondoa, picha imetoka safi. Inapendeza na inatoka haraka, na walimu wenye watu wengi na muda mfupi huikimbilia. Lakini grafiti ilianza na majina. Vijana wa Philadelphia na New York, mwishoni mwa miaka ya 1960, waliandika majina yao ya kujipachika kila walipopita, na tarehe 21 Julai 1971 gazeti la New York Times likaandika habari za mmoja wao, tarishi aliyesaini TAKI 183. Namba ilikuwa ya mtaa aliokaa. Kila kilichokuja baadaye, herufi nene kama mapovu, herufi zilizosukwa hadi hazisomeki, picha kubwa za ghorofa nzima, kimetoka kwenye hamu hiyo ya kuandika jina. Warsha isiyokufundisha hata herufi moja imekufundisha kitu kingine. Kinaweza kuwa kizuri, lakini jua hilo kabla ya kulipa.

Ukuta

Hapa ndipo miji hii mitatu inapoachana hasa, na hapa ndipo ningekusihi utazame kuliko bei.

London ina Leake Street, njia ya chini kwa chini inayopita chini ya stesheni ya treni ya Waterloo. Ina urefu wa karibu mita 300. Zamani teksi za abiria wa treni ya Eurostar zilipita humo. Novemba 2007 Eurostar ikahamia stesheni nyingine, St Pancras, na Mei 2008 msanii Banksy akawakusanya wachoraji wa stensili humo ndani kwa tamasha aliloliita Cans Festival. Tangu hapo imebaki mahali pa kuchora kwa ruhusa. Huhitaji kuandikisha jina wala kulipa kiingilio. Unaingia na makopo yako, unachora, unatoka. Masharti machache yaliyobandikwa yanakataza ubaguzi wa rangi, kuwadhalilisha wanawake na matangazo ya biashara.

Uzuri wake mkubwa kwa msafiri ni paa. Mvua ya London haikupati. Ukuta, dari, hata mapipa ya taka, vyote vimepakwa. Tabaka za rangi zimekuwa nene hadi ukibonyeza kwa kidole gumba mahali fulani panabonyea kama ganda la mpira, na pale kipande kilipobanduka unaona mistari midogo ya rangi zote zilizotangulia, imepangana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Mpwa wangu alitumia dakika tano nzima kutazama kipande kimoja cha namna hiyo. Sikumharakisha.

Ubaya wake ni kwamba ukuta huo una wenyewe wengi. Watu wanapita, wanapiga picha, wanasimama nyuma yako. Kwa mtu mwenye haya, saa ya kwanza ni ngumu. Na kazi yako haidumu. Tulikwenda Lower Marsh, mtaa wa jirani, kunywa chai na kula keki. Tuliporudi, nusu ya jina la mpwa wangu ilikuwa chini ya rangi ya fedha ya mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa bado anachora. Mtoto alinyamaza. Yule mchoraji akageuka, akaelewa, akampa kopo lililobaki nusu na kumwonyesha pa kuchora tena. Huo ndio utaratibu wa pale, na ni vizuri mtoto ajue kabla hajafika.

Berlin ina Mauerpark, bustani iliyopo mahali ukuta uliougawa mji ulipopita. Juu ya kilima, nyuma ya uwanja wa michezo, limebaki pande la ukuta wa ndani, ule uliotazama upande wa mashariki. Watu wengi hawajui kwamba kulikuwa na kuta mbili zenye eneo la ulinzi katikati. Ule wa nje, uliotazama magharibi, ulijaa michoro tangu miaka ya 1980. Mfaransa Thierry Noir alianza kuupaka mwaka 1984. Huu wa ndani hakuna aliyethubutu kuugusa. Kwa hiyo unaposimama pale na kopo lako, na watoto wanabembea kwenye bembea zilizo pale pale kilimani, unachora juu ya saruji ambayo hadi tarehe 9 Novemba 1989 mtu asingeikaribia. Niliweka mkono wangu juu yake kwanza kabla ya kupuliza chochote. Mwalimu alisubiri.

Kwa mwanafunzi, Mauerpark inaizidi Leake Street kwa jambo moja: nafasi. Siku za kazi asubuhi unaweza kupata mita tatu za ukuta peke yako, ukakosea, ukafunika, ukakosea tena, bila mtu mgongoni. Jumapili usijaribu. Kuna soko la vitu vya mtumba na karaoke ya wazi, na bustani hujaa. Na upepo wa kilimani ni adui. Ukivuma kutoka kushoto, nusu ya rangi inaishia kwenye shati la jirani yako wa kulia. Majira mazuri ni Mei hadi Septemba. Baridi ikizidi, shinikizo la kopo hupungua na rangi hutoka kwa kutapika.

Hapa kuna onyo. Berlin pia ina East Side Gallery, pande refu la ukuta lenye mita 1,316 lililochorwa mwaka 1990 na wasanii 118 kutoka nchi 21. Ile ni kumbukumbu inayolindwa. Wageni huandika majina yao pale kwa kalamu wakidhani ndiyo desturi. Sivyo. Ni uharibifu wa kazi ya mtu na ni kosa. Usiandike hata herufi.

Nairobi haina ukuta wa wazi wa namna hiyo ambao mgeni anaingia na kuanza. Ukuta unatafutwa na mwalimu: geti la gereji, ukumbi wa mtaa, ua wa kituo cha sanaa, ukuta wa shule iliyoomba ipambwe. Ruhusa ni ya mwenye ukuta. Kwa hiyo huwezi kurudi kesho peke yako. Lakini kuna kitu ambacho London na Berlin hazina, nacho ni kwamba ukuta wa Nairobi una wasomaji wake. Mtaa unasoma. Sisi tulichora kwenye ukuta wa karakana, na kila aliyepita alisimama kutoa maoni: hilo neno limekaa vibaya, hiyo nyekundu ongezeni, huyo mama mpeni ngazi. Mji huo umezoea maandishi yanayotembea, matatu zilizochorwa kutoka bampa hadi bampa. Sheria za mwaka 2004 walizoziita za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zililazimisha matatu zote ziwe na rangi moja na mstari wa njano, lakini michoro ikarudi, kwa sababu abiria wenyewe waliitaka.

Na umezoea ukuta unaosema jambo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati Kibera inawaka, msanii anayejulikana kama Solo 7 alipita akiandika maneno ya amani kwenye kuta na milango iliyobaki. Mwanzoni mwa 2012 wasanii walichora usiku katikati ya jiji wanasiasa kwa sura ya tai wala mizoga. Mwaka 2013, kabla ya uchaguzi wa Machi, treni ya abiria inayopita Kibera ilipakwa ujumbe wa amani, kwa ruhusa ya kampuni ya reli. New York ilipigana miaka mingi kuondoa michoro kwenye treni zake. Nairobi treni ilichorwa kwa makubaliano. Mwalimu akikusimulia hayo akiwa ameshika kopo, warsha inakuwa na uzito mwingine.

Mwalimu wa Berlin na neno langu

Warsha yangu ya Berlin ilikuwa ya siku mbili, tukiwa wanne. Saa nzima ya kwanza hatukugusa rangi. Tulipewa penseli na karatasi, tukaambiwa tuchague neno la herufi nne au tano. Nikaandika PWANI.

Mwalimu, mzee kidogo, vidole vyake vina rangi hadi kwenye kucha, akalitazama muda mrefu. Hakujua maana yake na hakuuliza. Akaanza na herufi. P, akasema, ina tumbo juu na mguu chini, unaweza kuupinda mguu ukawa mshale. W ni zawadi, ina milima miwili. A inasimama imara. N unaweza kuilaza. Akafika kwenye I, akagonga gonga penseli. Hii haina mwili, akasema, inabidi umpe.

Sijawahi kuyatazama maneno yetu hivyo. Kiswahili kimejaa A na I na U, na karibu kila neno linaishia kwa irabu. Maana yake karibu kila jina tutakaloandika ukutani litafungwa na irabu, na ukiwa na neno kama CHUI au MITI utapata shida na ile I ya mwisho iliyo nyembamba kama fimbo. Nilijaribu kuipa kofia, nikaipa viatu, mwisho nikaipinda kidogo iegemee N, kama mtu aliyemwegemea ndugu yake. Ikakaa. Kama unatafuta neno la kwanza, nakupa siri niliyoipata baadaye: chagua lenye herufi zinazojirudia. MAMA, DADA, BABA. Unajifunza herufi mbili tu, na mara ya pili unairekebisha ile ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza nilijifunza pia kwamba mstari mzuri hauanzi ukutani. Unaanza kusogeza mkono hewani, unabonyeza kepu mkono ukiwa tayari unatembea, na unaachia kabla mkono haujasimama. Ukibonyeza mkono ukiwa umesimama, unapata doa, na doa linatiririka. Kopo hutikiswa kwanza dakika moja au mbili hadi kigololi kilicho ndani kigonge kwa uhuru. Kepu ni kile kichwa kidogo cha plastiki. Zipo nyembamba kwa mistari na nene kwa kujaza, na zinabadilishwa kwa kuchomoa tu. Siku ya pili ukuta ulipakwa kwanza rangi ya maji kwa rola, kwa sababu rangi ya maji ni nafuu na inafunika uchafu wote, ndipo tukachora juu yake.

Mwalimu wa London hakuwa mbaya. Alikuwa na watu 14. Angekuwa na wanne ningekuwa naandika mengine.

Nairobi, kwa lugha yangu

Mwalimu wa Nairobi alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Makosa yangu yalikuwa yale yale ya Berlin, nilikuwa nakimbiza mkono.

"Anti, usikimbie. Ukienda mbio rangi inakuwa vumbi. Ukienda polepole inamwagika. Tafuta katikati."

"Sasa hiyo katikati, mdogo wangu, iko wapi?"

"Sikiza mkebe. Ukiskia *shhh* moja, haipandi haishuki, hapo ndio katikati."

Nikafumba macho nikasikiliza. Ile ya Berlin ilinifundisha kwa jicho, kwa Kiingereza ambacho si changu wala si cha mwalimu. Hii ilinifundisha kwa sikio, na mkono ukatulia ndani ya nusu saa. Siwezi kuahidi itakuwa hivyo kwa kila mtu. Ila najua nilichosikia, na najua mstari wangu wa kwanza uliokuwa mzima kutoka mwanzo hadi mwisho nimeuvuta Nairobi.

Upungufu wa Nairobi ni vifaa. Makopo maalumu ya grafiti yanaagizwa kutoka nje, ni ghali na hayapatikani kila duka. Mara nyingi utatumia rangi za kupuliza za magari kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Hizo hutoka kwa nguvu, kepu haibadiliki, na mstari mwembamba ni kazi. Waliojifunza kwa rangi hizo wana mkono wa chuma, lakini anayeanza anaweza kukata tamaa mapema. Na warsha haiuzwi kwa tiketi kama London. Unaulizia kwenye vituo vya sanaa, unapewa namba, mnapatana bei, siku na ukuta. Ukitaka kila kitu kiwe kimepangwa kabla hujapanda ndege, utahangaika.

Walioko Dar es Salaam wanaweza kuanza hata kabla ya safari. Nafasi Art Space pale Mikocheni kuta zake zimechorwa, na mji una wachoraji wake kama Wachata Crew. Kwenda kutazama tu, na kumwuliza mtu aliyeshika kopo swali moja, kutakupunguzia uoga.

Mapafu

Sehemu hii ni fupi lakini ningependa uisome mara mbili. Barakoa ya karatasi, ile tuliyoizoea wakati wa korona, inazuia matone na vumbi kiasi tu. Haizuii mvuke wa kemikali unaotoka kwenye rangi. Inayofaa ni ya mpira yenye vichujio pembeni, vya aina ya A2P2 au zaidi, yaani vinavyozuia mvuke pamoja na matone ya rangi. London tulipewa za karatasi, ndani ya njia ya chini kwa chini yenye watu kumi kila upande wanapuliza. Jioni mpwa wangu alilalamika kichwa. Berlin tulipewa za vichujio na tukaonyeshwa jinsi ya kuzibana usoni. Nairobi tulikuwa hewani wazi, na mwalimu alikuwa na mbili tu, tukapokezana baada ya kuzifuta. Kwa hiyo uliza, na jibu likiwa la kuyumba, nunua yako. Kwenye kuta zenye paa jambo hili lina uzito mara mbili. Mwenye pumu na mjamzito wachague matembezi peke yake, waache kopo.

Pesa na karatasi za safari

Bei za warsha hubadilika kila msimu, kwa hiyo nitakupa namna ya kuzipima. Kopo la mililita 400 kwenye maduka ya grafiti ya Berlin ni kama euro 4 au 5, na London ni karibu pauni 4 au 5. Anayeanza humaliza makopo mawili au matatu kwa jina moja lenye rangi ya kujaza, mstari wa nje na mng'aro. Toa gharama hiyo kwenye bei ya warsha. Kinachobaki ni cha mwalimu, barakoa na matembezi. Kikubaliane na muda atakaokupa.

Kwenye duka utaona majina yanayochanganya. Kuna Montana ya Heidelberg, Ujerumani, na kuna Montana ya Barcelona, ambayo huandika MTN. Ni kampuni mbili tofauti. Kwa anayeanza omba kopo la shinikizo dogo: Gold kwa ile ya Ujerumani, au 94 kwa ile ya Hispania. Rangi inatoka taratibu na inakupa muda wa kufikiri.

Visa inaweza kuwa gharama kubwa kuliko warsha yenyewe. Berlin ni visa ya Schengen, ile inayotumika nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na visa hiyo haikuingizi London. Uingereza ina yake. Kwa hiyo usipange kuunganisha miji hii miwili kwa ajili ya grafiti tu. Chagua ule ambao tayari una sababu ya kwenda. Nairobi, kwa Mtanzania, ni pasi ya kusafiria tu, na basi kutoka Arusha kupitia Namanga hukufikisha ndani ya saa tano au sita. Pesa uliyookoa itanunua warsha hata tatu.

Sheria

Ukuta usio na ruhusa usiuguse, katika mji wowote. Uingereza hushtaki kwa Sheria ya Uharibifu wa Mali ya 1971. Ujerumani iliibana sheria yake ya jinai mwaka 2005 ili kubadili sura ya kitu cha mtu bila idhini liwe kosa hata kama kitu chenyewe hakikuharibika. Kwa mgeni mwenye visa, kesi ndogo ya namna hiyo inaweza kukufuata utakapoomba visa baadaye. Kama unasafiri na kijana, fahamu pia kwamba Uingereza hairuhusu kumuuzia rangi ya kupuliza aliye chini ya miaka 16. Mpwa wangu alikataliwa dukani na ilibidi ninunue mimi.

Kuna na sheria isiyoandikwa, na waliopo ukutani huijua wote. Usichore juu ya kazi iliyo bora kuliko utakayoweka. Tafuta mahali palipoharibika, penye saini zilizopandana, funika pote, na usiache nusu ya kazi ya mwenzio ikichungulia.

Basi uende wapi

Familia yenye vijana, likizo ya wiki moja kwa ndugu London: nendeni Leake Street, lakini tafuteni warsha ya watu wasiozidi wanane, na baada ya warsha nunueni makopo mawili mrudi siku inayofuata bila mwalimu. Mpwa wangu alijifunza zaidi siku hiyo ya pili, na makopo yake mwenyewe, kuliko kwenye zile dakika 50 tulizolipia.

Mtu mmoja au wawili, watu wazima, mnaopenda kufanya jambo moja hadi lieleweke: Berlin, warsha ya siku mbili ya herufi, katikati ya wiki. Acheni siku ya tatu wazi kwa ajili ya Mauerpark. Siku za mvua kuna jumba la makumbusho la Urban Nation, Bülowstraße, lililofunguliwa Septemba 2017, na kiingilio ni bure.

Aliye Afrika Mashariki na hajawahi kushika kopo kabisa: anzia Nairobi, hata kama una tiketi ya Ulaya ya mwezi ujao. Nimefikiri sana kabla ya kuandika hivyo, kwa sababu vifaa vya Berlin ni bora na ukuta wake unabaki wazi ukimaliza warsha. Lakini ukitoka Nairobi unajua mstari unavyosikika, na ukifika Berlin saa ile ya penseli inakuwa na maana tangu dakika ya kwanza. Mimi nilikwenda kinyume, ikanibidi nirudie mengi.

Ukimaliza, makopo yaliyobaki usiyafungashe. Rangi ya kupuliza haipandi ndege, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Waachie waliopo ukutani. Daima kuna kijana anayesubiri rangi. Kepu ndizo za kubeba. Chukua nyembamba tano na nene tano kwenye mfuko mdogo, nyumbani utazijaribu kwenye makopo utakayopata.